Bruda, Utapadrishwa Lini?

Tumsifu Yesu Kristo.

Mapadre wetu, masista, mabruda wenzangu, wanovisi mnaojiandaa kuwa watawa, na ninyi walei ambao mlituzaa na mnaendelea kutuvumilia: nimeombwa nizungumze juu ya maana ya kutokuwa na daraja takatifu, yaani ushemasi, upadre au uaskofu, katika maisha ya kitawa, kama tulivyo sisi mabruda, wanaume watawa tusio mapadre. Ndivyo mada ilivyoandikwa kwenye karatasi niliyopewa, na ni mada nzito. Mimi hukutana nayo ikiwa nyepesi zaidi. Huwa ni nje ya kanisa baada ya Misa, mtu amenishika mkono kwa upendo wote, ananiuliza: "Bruda, utapadrishwa lini?"

Nina miaka ishirini na sita tangu niweke nadhiri za kwanza. Niliulizwa swali hilo nywele zikiwa nyeusi, naulizwa leo nina mvi. Tofauti ni kwamba siku hizi wanaouliza wanaongezea na pole.

Naomba tuanze na sarufi kabla ya teolojia. Watu husema, "Bruda hajapadrishwa." Kiangalieni hicho kiambishi -ja-. Nikisema "sikula", habari imekwisha. Nikisema "sijala", mwenye nyumba anaanza kuangalia jikoni. Hajafika, hajapona, hajaolewa: -ja- ni kiambishi cha kungoja. Kinasema kuna jambo lililotakiwa kutokea na limechelewa. Fundi seremala anayeipenda kazi yake hatumwambii "hajawa daktari". Lakini bruda tunamwambia hajapadrishwa, na tukitaka kumfariji tunaongeza "bado". Sarufi imekwisha kutoa hukumu: huyu yuko safarini, na gari limemharibikia njiani.

Mimi nasema gari halijaharibika. Nilikokuwa nakwenda nimefika.

Tazameni jambo moja la ajabu. Sista haulizwi swali hili. Ana nadhiri zilezile nilizo nazo mimi: ufukara, usafi wa moyo na utii. Anasali sala zilezile, anaishi jumuiya ileile. Tukimwona sista tunaona mtawa, basi. Tukimwona bruda tunaona upadre uliokosekana. Kwa hiyo watu wanajua, ndani kabisa ya mioyo yao, kwamba nadhiri zinajitosheleza. Wanajua hivyo kwa masista, kisha wanasahau mara tu aliyeziweka anapokuwa mwanaume. Na padri wa jimbo je? Yeye ana daraja lakini hana nadhiri za kitawa. Nani amewahi kumshika mkono baada ya Misa akamwuliza, "Padri, utaweka nadhiri lini?"

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 588, inasema kwa maneno machache kwamba hali ya waliowekwa wakfu, kwa asili yake, si ya kikleri, yaani ya wenye daraja, wala ya kilei. Kabla ya hapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umesema kwamba utawa si hali ya katikati, si ngazi kati ya walei walio chini na wakleri walio juu. Mungu anawaita watu kutoka pande zote mbili. Na mwaka 1965 Mtaguso huohuo ulitamka kwamba maisha ya kitawa ya wasio wakleri, wanaume kwa wanawake, ni hali iliyo kamili yenyewe. Neno ni kamili. Haikuandikwa "inayokaribia kukamilika".

Daraja ni sakramenti, mtu anapewa kwa ajili ya kuwahudumia wengine. Nadhiri ni namna ya kuushika ubatizo wako kwa mikono miwili. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na mapadre watawa waliokaa hapa mbele ni mashahidi. Ila huwezi kuvipima kwa mizani moja, kama usivyoweza kuuliza kipi kirefu zaidi, wimbo au kamba.

Sasa niwapeleke jangwani, maana huko ndiko tulikozaliwa. Antoni wa Misri, tunayemwita baba wa wamonaki, aliyefariki mwaka 356, hakuwa padri. Baada yake akaja Pakomi, mtu wa kwanza kuwakusanya wamonaki waishi pamoja chini ya kanuni moja, kule Tabennisi kando ya Mto Nile. Naye hakuwa padri, na hakutaka kuwa. Siku Atanasi, askofu mkuu wa Aleksandria, alipopita eneo lile, Pakomi alipata fununu kwamba kuna watu wanataka awekewe mikono, apadrishwe. Akajificha katikati ya kundi la wamonaki wake. Mimi huipenda sana picha hiyo: mwanzilishi mzima, mkuu wa mamia ya watu, anainama nyuma ya mabega ya wanafunzi wake mpaka jahazi la askofu lipite!

Kwa nini alikimbia? Hakuwa akidharau sakramenti. Ndugu walipotaka Ekaristi alimwita padri wa kanisa la jirani aje kuiadhimisha, na padri akitaka kujiunga nao alipokewa, alimradi akubali kuishi kama wote. Sababu yake imeandikwa katika habari za maisha yake, na ni ya mtu anayewajua binadamu: alisema cheo kikiingia ndani ya jumuiya, kitaleta wivu na ugomvi. Alitaka nyumba ambayo mtu akiingia asianze kuhesabu miaka iliyombakia kupanda.

Wa zama zile walilichukulia jambo hili kwa ukali ambao leo unatushangaza. Amoni, mmonaki wa Misri, watu walipomjia wamfanye askofu wao, alijikata sikio ili asifae kwa daraja. Simshauri mnovisi yeyote. Na Yohane Kasiani, aliyeyabeba mafundisho ya jangwani na kuyapeleka Ulaya, aliandika kwamba mmonaki awakimbie kwa vyovyote wanawake na maaskofu. Wanovisi hucheka nusu ya kwanza ya usemi huo na kuisahau ya pili. Ya pili ndiyo ninayoitafuta leo: askofu alikimbiwa kwa sababu angeweza kukuwekea mikono, na maisha yako ya sala yangeishia kwenye shughuli na heshima.

Benedikto naye, ambaye kanuni yake imewalea wamonaki wa Magharibi kwa karne kumi na nne na zaidi, hatumfahamu kama padri. Sura ya 60 ya kanuni yake inasema padri akibisha hodi kutaka kuwa mmonaki, asikubaliwe upesi. Sura ya 62 inasema abate, mkuu wa monasteri, akihitaji padri, achague mmoja wa ndugu, na huyo ndugu ajihadhari na majivuno. Mahali pake pabaki palepale alipopapata siku alipoingia monasterini, isipokuwa anapohudumu altareni. Maana yake ni kwamba kijana aliyeingia jana akapadrishwa leo, mezani atakaa nyuma ya mzee asiyejua kusoma aliyeingia mwaka jana. Benedikto hakutumia neno usawa. Alipanga viti tu.

Katika Kanisa la Mashariki hali hiyo haikupotea. Huko wengi wa wamonaki hawana daraja mpaka leo, na wanapadrishwa wachache wa kutosha altare. Siluani wa Mlima Athos, aliyefariki mwaka 1938, alikuwa mmonaki wa kawaida. Alifanya kazi kwenye kinu na baadaye akatunza ghala la monasteri. Mwaka 1987 akatangazwa mtakatifu. Hakuna Mwortodoksi anayesimulia habari zake kama za mtu aliyenyimwa kitu.

Upande wetu wa Magharibi mambo yalikwenda kombo, na hapa lazima niseme ukweli hata kama mmenikaribisha kwa ukarimu. Kadiri karne zilivyosonga, wamonaki wengi wakawa mapadre, na mabruda wakawa tabaka. Wasistersiani wa karne ya 12 walikuwa na mabruda waliolima mashamba makubwa ya monasteri. Walisali mahali pao, walikula mahali pao, na hawakuweza kugeuka kuwa wamonaki wa kwaya, wale walioimba sala kanisani. Kanuni yao iliagiza kwamba bruda asiwe na kitabu, wala asijifunze chochote isipokuwa Baba Yetu, Nasadiki, ile Zaburi ya "Unirehemu", na sala chache nyingine alizopaswa kusali, na hayo yote ayashike kwa kichwa. Ninapoulizwa kwa nini naudhika mtu akiniita "mnyenyekevu" kwa sababu tu mimi ni bruda, hilo ndilo jibu. Kuna unyenyekevu wa Injili, na kuna unyenyekevu wa kunyang'anywa kitabu. Kusifiwa kwa huo wa pili ni kuvishwa kilemba cha ukoka.

Wafransisko nao. Fransisko wa Asizi hakuwahi kuwa padri; mapokeo yanasema alibaki shemasi. Bruda Elia, ambaye hakuwa padri, aliongoza shirika kuanzia 1232 hadi alipoondolewa mwaka 1239. Alikuwa na makosa yake, na si madogo. Lakini waliomwondoa hawakutosheka kumhukumu Elia. Aliyechaguliwa baada yake, Alberto wa Pisa, aliadhimisha Misa siku ileile, akawakumbusha ndugu kwamba ndiyo Misa ya kwanza katika shirika lao kuadhimishwa na mkuu wa shirika. Miaka michache baadaye mabruda walifungiwa mlango wa uongozi. Kosa la mmoja likageuzwa sheria juu ya wote. Na liliwezekana kwa urahisi kwa sababu waliopiga kura na kuandika walikuwa wasomi, na wasomi walikuwa wakleri.

Kwa hiyo anayedai kwamba bruda ni wito mzuri tangu zamani, kwa heshima zote, amesoma kurasa nusu. Wapo waliofanywa mabruda kwa sababu hawakuwa na elimu. Wapo waliofanywa hivyo kwa sababu ya rangi yao: Martin de Porres aliyeishi Lima kuanzia 1579 mpaka 1639, mtoto wa Mhispania na mwanamke mweusi aliyepata uhuru, alianza kwa Wadominiko kama mtumishi wa hiari kwa sababu sheria za wakati ule hazikumruhusu mtu wa asili yake kuwa mtawa kamili. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1962. Tunampenda, tuna picha zake na ufagio mkononi. Ila ufagio ule sikuzote haukuwa chaguo lake, na ni vema tukimwomba atuombee tukumbuke na hilo.

Tofauti na hayo, kuna waliochagua wakijua wanachokichagua. Yohane Mbatista de La Salle alikuwa padri, tena msomi wa familia yenye jina. Alipoanza kuwakusanya walimu wa watoto maskini kule Reims, Ufaransa, mnamo 1680, alifikiri kama ambavyo yeyote angefikiri: angalau mmoja wao apadrishwe, aje kuwaongoza. Akamchagua bruda mmoja hodari, Henri L'Heureux, akampeleka kusoma. Yule bruda akafa ghafla kabla ya kupewa upadre. De La Salle akalia, akasali, na akaliona jambo hilo kama alama. Kuanzia hapo kanuni yao ikasema bruda asiwe padri wala asitamani kuwa. Hata vazi la ibada kanisani alikatazwa.

Watu husoma kanuni hiyo wakaona ukali tu. Mimi niliyefundisha darasani miaka kumi na mbili naona busara ya kazi. Mwalimu padri ataitwa. Kuna mgonjwa, kuna mazishi, kuna Misa ya nje, kuna mahubiri. Kila mwito ni wa haki, na kila ukiitikiwa darasa linabaki na ubao mtupu. De La Salle alitaka mtoto maskini awe na mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Tena alitaka nyumba isiyo na meza mbili. Papa Benedikto wa 13 aliliidhinisha shirika lile mwaka 1725, miaka sita baada ya mwanzilishi kufariki, na Marcellin Champagnat akafuata njia hiyohiyo alipowaanzisha mabruda Wamaristi mwaka 1817.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya jambo hili. Daraja humtoa mtu ampe wengine, na ndivyo inavyopasa. Kutokuwa na daraja kunakuacha mahali pamoja na watu fulani. Hunipati altareni. Utanipata pale uliponiacha.

Mabawabu walilijua hilo. Alfonso Rodriguez, Mjesuiti, mjane aliyefiwa na mke na watoto na kufilisika biashara, alifungua mlango wa chuo huko Majorca kwa miaka mingi. Kila kengele ilipolia, wanasimulia, alijibu moyoni, "Naja, Bwana." Kijana mmoja mwanafunzi, Petro Klaver, alikuwa akishuka kuongea naye jioni. Walimu wenye digrii walikuwa ghorofani. Kijana akashuka kwa bawabu. Bawabu ndiye aliyemchochea avuke bahari. Klaver akaenda Cartagena, akapadrishwa huko, akatumia karibu miaka 40 akiwapokea Waafrika walioshushwa kwenye meli za watumwa. Mwaka 1888 Papa Leo wa 13 aliwatangaza watakatifu siku moja, padri na bawabu.

Konrado wa Parzham alikaa mlangoni Altötting, Ujerumani, miaka 41. André Bessette alikuwa bawabu Montreal miaka 40 hivi, na alipofariki mwaka 1937 umati usiohesabika ulipita mbele ya jeneza lake. Nawapenda wote hao. Lakini niruhusuni nung'uniko dogo: mbona tukitafuta bruda wa kumsifu tunakwenda mlangoni tu, au jikoni? Andrea Pozzo, aliyechora dari la kanisa la Mtakatifu Inyasi mjini Roma, lile linaloonekana kama limefunguka mpaka mbinguni, alikuwa bruda. Guy Consolmagno, mwanaastronomia aliyekabidhiwa kituo cha anga cha Vatikano mwaka 2015, ni bruda. Tusiwe na bruda wa aina moja, eti akishika darubini anakuwa amejisahau.

Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya dhuluma za kale. Ukleri, yaani kujiona bora kwa sababu ya cheo, ni ugonjwa usiohitaji kuwekewa mikono ili kuupata. Ninawafahamu mabruda wenye funguo za stoo ambao ukiwaomba sabuni unajiona umeomba ukardinali. (Wanaocheka wananijua.) Benedikto, katika sura ya 31, anamwagiza mtunza stoo avione vyombo vyote vya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Hakusema ajione yeye kama altare.

Nirudi kwenye lugha kidogo, maana huko ndiko tulikopoteza kitu. Padre maana yake ni baba. Sista ni dada. Bruda ni ndugu. Yote matatu ni majina ya ukoo, na moja tu ndilo tuliloligeuza kuwa cheo. "Bruda" tumelikopa, na katika kulikopa tukaacha nyumbani neno letu lililo bora zaidi. Ndugu halibagui mwanaume na mwanamke. Ndugu hana juu wala chini. Bwana alipowaambia wanafunzi wasiitwe Rabi, yaani mwalimu, sababu aliyotoa katika Mathayo 23 ni hiyo: "nanyi nyote ni ndugu." Nami ninapoitwa bruda, ninachoitwa ni kile ambacho kila mbatizwa anapaswa kuwa. Sina jina la pili la kukimbilia.

Waraka kwa Waebrania, ambao ndio unaoeleza ukuhani wa Kristo kuliko maandiko mengine yote, unakiri katika sura ya 7 kwamba Bwana wetu alitoka kabila la Yuda, ambalo Musa hakusema lolote juu yake katika mambo ya ukuhani. Alipokwenda Hekaluni Yerusalemu alisimama na watu. Mlango wa makuhani haukuwa wake. Ukuhani wake ulikuwa wa namna nyingine, na aliutimiza nje ya mji, juu ya mti. Ninapokuwa benchini siku ya Jumapili, nikingoja zamu yangu ya kunyosha mkono nipokee, hilo hunitosha. Sijawahi kuwa upande ule mwingine wa altare. Mimi ni mpokeaji wa kila siku, na padri ninayeishi naye aliniambia mara moja kwamba kuwa na mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba humkumbusha kwamba naye alibatizwa kabla ya kupadrishwa.

Mambo yanabadilika. Tarehe 18 Mei 2022 Papa Fransisko alitoa hati iliyofungua njia kwa mabruda kuwa wakuu hata katika mashirika ya kikleri, kwa idhini kulingana na ngazi. Na tarehe 6 Januari 2025 alimteua Sista Simona Brambilla, Mmisionari wa Konsolata, kuongoza baraza la Vatikano linalosimamia watawa wote, mapadre wakiwemo. Nilifurahi. Nilifurahi kwa tahadhari pia, kwa sababu ikiwa dawa ya kidonda chetu ni cheo, Pakomi alijificha bure.

Mnovisi mmoja aliniuliza juzi kama siku ya nadhiri zake kuna atakayemwekea mikono. Nikamwambia hapana. Mikono huwekewa shemasi, padri na askofu. Kwa nadhiri, nikamfungulia sura ya 58 ya Benedikto tukaisoma pamoja. Anayeingia anaandika ahadi yake kwa mkono wake mwenyewe. Kama hajui kuandika, mwingine amwandikie, naye atie alama. Kisha aichukue karatasi kwa mkono wake, aende nayo mpaka altareni, aiweke pale mwenyewe. Baada ya hapo anaanguka miguuni pa ndugu mmojammoja, awaombe wamwombee. Kijana akasoma mstari wa alama mara mbili, akauliza, "Hata asiyejua kuandika?" Nikamwambia ndiyo, hata yeye, na altare ni ileile.